Mzee Oritini na medali za wachoraji

Hii ni hotuba niliyotoa hapa Kampala kwenye kikao cha wachoraji na mafundi. Wengi mliomba niiandike, basi nimeiandika vile nilivyoisema, ni kelele za mvua kwenye mabati tu ndo sijaweza kuziweka.

Asanteni, kaeni tu, kaeni. Mwenyekiti kanipa dakika 20 lakini anajua mimi mtu wa Katwe, mtaa wa mafundi, sisi saa yetu ni moto, shaba ikiyeyuka ndo muda umefika na ikigoma unangoja.

Kabla sijaanza kuna kitu nakipitisha. Anza nacho wewe nnyabo, mama yangu, hapo mbele halafu mpe jirani. Kishike vizuri kina uzito. Naomba msikifute na shati manake ile rangi ya kahawia imechukua miaka mingi kukaa pale, ukisugua inang'aa kama koki mpya na kazi yote imekwenda. Angalia uso kwanza, halafu geuza. Tafadhali geuza! Watu wengi wakipewa medali wanaangalia upande mmoja wanarudisha, ni sawa na kwenda kwa mtu ukasalimia mlangoni ukaondoka chai iko jikoni.

Nimekipataje? Kuna kijana anapita na baiskeli anakusanya skrapu, huleta makufuli yaliyovunjika, koki za maji, vitasa, mara moja moja ganda la risasi ambalo namwambia rudi nalo ulikolitoa. Tunapima kwa kilo. Siku hiyo kamwaga gunia chini nami nachagua, shaba njano huku, nyekundu huku, takataka kule, na hiki nilikuwa nimeshakirusha kwenye lundo la kwenda chunguni, kikagonga koki kikalia. Ule mlio haukuwa wa koki. Mtu ukisubu, yaani ukiyeyusha na kumimina shaba, miaka 30 unaijua shaba yenye bati ndani, sauti yake inabaki hewani kidogo. Nikaokota, nikasugua na kidole gumba na mate (ndio, mimi mwenyewe nilikosea hapo), nikaona mzee ana kofia, pua nene kama kiazi, macho yamechoka, na pembeni imeandikwa REMBRANDT. Nyuma kuna kibao cha kuchanganyia rangi na brashi mbili tatu. Nikamwita binti yangu aangalie kwenye simu, akasema baba huyu ni mchoraji wa Uholanzi, kazaliwa 1606 kafa 1669. Yule kijana nikamlipa kwa uzito, hazikufika hata pesa za rolex mbili, zile chapati za mayai, na usiku sikulala vizuri. Mtu amekufa zaidi ya miaka 350, uso wake unafika Katwe ndani ya gunia la koki na bado anakutazama kama wewe ndo umechelewa.

Sasa hapa kwetu ukisema medali watu wanawaza mbio, wanamwaza Cheptegei, au wanawaza zile za tarehe 9 Juni siku ya Mashujaa, za Jubilii ya Dhahabu na wenzake, mtu anaitwa jina, anasimama, anabandikwa kifuani. Hizo mimi naziita nishani, kama wazee walivyoziita. Hii ninayoongelea haina utepe haina pini, huivai. Na hapa kuna kitu kilichonichukua muda kukielewa: nishani inakwenda kwa yule aliyefanya kazi, lakini medali ya kumbukumbu mwenyewe mara nyingi haioni kabisa, inakuja kwako wewe ambaye hukumjua ili umshike mkononi. Rembrandt hii hakupewa. Nimepewa mimi, tena kwa bei ya skrapu.

Na sarafu pia siyo. Sarafu ina thamani yake, ina sheria, ina Benki Kuu. Mimi nikisubu sarafu pale Katwe kikao kijacho hamtaniona. Medali hata nikisubu mia mbili hakuna askari anayekuja, labda aje kununua.

Aliyeianzisha hii kazi kule Italia alikuwa mchoraji, na hili vijana mlishike. Mwaka 1438 mfalme wa Konstantinopoli, Yohana wa Nane Palaiologos, alifika mji wa Ferrara kwenye mtaguso wa kanisa, anatafuta msaada kwa sababu Waturuki walikuwa wameshambana kila upande. Antonio Pisano, yule wanamwita Pisanello, akamwona na ile kofia yake ndefu yenye ncha, akamchora, kisha akamtengenezea duara la karibu sentimita 10, yaani linajaa kiganja. Mbele uso wa upande mmoja. Nyuma mfalme yuko juu ya farasi kasimama mbele ya msalaba wa njiani anasali. Na kwa maneno ya Kilatini, akarudia na kwa Kigiriki, akaandika kwamba hii ni kazi ya Pisano mchoraji. Mchoraji! Hakujiita msubu, hakujiita mfua shaba, kakaa na moto kaungua vidole lakini bado alitaka ijulikane yeye ni mtu wa brashi. Na baadaye na yeye akatengenezewa yake, uso wake na maneno PISANUS PICTOR, kofia kubwa kichwani kama anakwenda harusini, nyuma herufi saba tu, F S K I P F T, kila moja mwanzo wa jina la fadhila kwa Kilatini: imani, tumaini, upendo, haki, busara, ushujaa, kiasi. Yaani kamaliza.

Kazi yenyewe inafanywaje? Mimi napenda njia ya nta. Unachukua nta ya nyuki, unaipasha juu ya sigiri mpaka inalainika kama unga wa mandazi, unaitandaza juu ya kipande cha kioo, unajenga uso kidogo kidogo na kijiti. Unene wote wa uso milimita tatu nne basi, lakini sikio lazima lionekane liko nyuma ya shavu na shavu liko nyuma ya pua, hapo ndo wengi wanakwama. Ninyi mkitaka kivuli mnakipaka. Mimi kivuli sinacho, kinatoka kwenye taa ya mtu atakayeishika, labda atakuwa na balbu labda ana tadooba, kile kibatari, na uso uwe uleule. Ukimaliza unafunika na udongo laini, unauchoma, nta inayeyuka inatoka, na pale nta ilipokuwa unamimina shaba.

Lakini mara ya kwanza kwa ubishi wangu nta sikutumia. Nilitaka kumtengeneza Sam Ntiro. Wadogo hapa hamumjui, mtoto wa Machame kule Kilimanjaro, akaja Makerere akasoma akafundisha, uhuru ulipokuja akawa balozi wa Tanganyika kule London, na mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York likanunua mchoro wake wa 1956, wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Nikasema huyu ndo wa kuanza naye. Nikachonga kalibu, lile umbo la kumiminia shaba, moja kwa moja kwenye udongo, kwa kuchimba, pua nikaichimba shimo, kidevu shimo, na pembeni nikaandika NTIRO, herufi nzuri kabisa zimenyooka. Nikayeyusha zile koki. Na koki zina zinki ndani, moshi mweupe ukapanda mimi nimeinama juu yake kama mpumbavu, usiku nikatetemeka kama mwenye malaria, asubuhi ikaisha. (Kaeni upande upepo unakotoka, sitarudia.) Nikavunja udongo. Uso ulikuwa mzuri ila unatazama upande wa pili, hiyo ningeweza kunyamaza tu. Kijana wangu wa karakana akaiokota akasoma kwa sauti, kwa utaratibu, kama mtoto wa chekechea: O. R. I. T. N.

Unaona, ukichimba kwenye kalibu lazima uandike kinyume. Kila fundi anajua, na mimi nilijua. Tangu siku hiyo Katwe naitwa Mzee Oritini na kuna wateja wanadhani ndo jina la ukoo.

Nikajifariji nilipojua kuna mkubwa zaidi yangu alikosea. Leone Leoni, msubu wa wafalme huyo, mwaka 1561 alimpelekea Michelangelo medali nne zenye uso wake Michelangelo, mbili za fedha mbili za shaba. Pembeni ya uso kaandika umri, miaka 88. Sasa Michelangelo kazaliwa Machi 1475, piga hesabu, alikuwa na 86. Kaongezewa miwili akiwa bado anapumua! Na ikishatoka kwenye shaba hakuna kufuta, mpaka leo iko 88. Wazee wetu nao miaka yao ya kuzaliwa kila kitabu kinaandika wa kwake, kwa hiyo ushauri wangu mwaka wa kuzaliwa uacheni, wekeni jina na kazi.

Ila ile medali geuza. Nyuma kuna mzee kipofu, fimbo mkononi, anavutwa na mbwa, na kumzunguka kuna maneno ya Zaburi ya 51, nitawafundisha wakosaji njia zako. Hebu fikirini, huyu ni mtu aliyechora dari la kanisa la Sistina kule Roma, macho yake ndo yaliyomlisha, na rafiki yake anamwekea nyuma kipofu. Mimi nimekaa na hiyo picha kwenye simu ya binti yangu nikisubiri niielewe na kila nikidhani nimeielewa inahama. Haya, aliyenacho mkononi kile cha Rembrandt sasa ageuze tena. Kibao cha rangi na brashi. Ni uvivu huo jamani! Aliyeitengeneza aliulizwa mchoraji anatumia nini akajibu, basi. Ni kama mtu anakufa fundi cherehani kaburini unamwekea sindano. Uso mzuri sana, nyuma amelala usingizi.

Kina dada msinune, mpo. Mwaka 1611 kule Roma Felice Antonio Casoni alimtengenezea medali Lavinia Fontana, mchoraji kutoka Bologna, mwanamke aliyezaa watoto 11 na akaendelea kuchora kwa kulipwa, na mumewe ambaye naye alikuwa mchoraji akaacha ya kwake akawa anamsaidia yeye. (Wanaume mmenyamaza ghafla.) Mbele yupo bibi mtulivu, nywele zimefungwa, heshima zote, na jina limeandikwa pamoja na neno PICTRIX, mchoraji wa kike. Nyuma kuna mwanamke kakaa mbele ya turubai anachora na nywele zimetimka zimeruka huku na huku kama amesahau dunia. Mbele ni vile anavyoonekana akienda kanisani, nyuma ni vile anavyokuwa mlango ukifungwa. Wangapi hapa nyumbani kwenu wanaijua ile sura ya pili?

Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg kule Ujerumani, naye alifanyiwa yake mwaka 1520 na Hans Schwarz, na kwenye daftari lake la safari aliandika kwamba amemtumia huyo Schwarz guldeni mbili za dhahabu kwa ajili ya uso wake. Nalisema hili kwa wale wanaokuja Katwe kuniambia mzee tufanyie tu, tutakutangaza.

Kuna njia nyingine ya kufanya medali, ya viwanda, unachonga chuma kigumu unagonga kwa mashine, zinatoka nyingi zinafanana. Marekani kuna kampuni ilianza 1964, Franklin Mint, miaka ya sabini waliuza seti za fedha halisi za michoro mikubwa ya dunia, seti moja medali 100, ya Michelangelo peke yake medali 60, mtu analipia kidogo kidogo zinafika kwa posta. Mimi siwacheki, ziliingia kwenye nyumba za watu wa kawaida. Shida ilikuwa fedha yenyewe. Januari 1980 bei ya fedha ikapanda mpaka karibu dola 50 kwa aunsi na watu wakabeba masanduku wakaenda kuyeyusha, Michelangelo akarudi kuwa kipande cha fedha. Shaba inakaa kwa sababu haimtamanishi mtu. Najua, najua, mtaniambia cha kwako mzee kilikuwa cha shaba na kilikaribia kuingia chunguni. Kweli, nilikuwa mimi na njaa ya saa saba mchana.

Turudi nyumbani. Toeni noti yoyote mfukoni, zile zilizotoka 2010, hata elfu moja inatosha. Mnaliona lile sanamu la Uhuru? Mama kafungwa mwili mzima na amemnyanyua mtoto juu, ndo lile la pale mjini Nile Avenue tunapita nalo kila siku na boda. Kalitengeneza Gregory Maloba mwaka 1962, Mkenya aliyefundishwa hapa na Margaret Trowell, yule mama Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa mwaka 1937 kwenye veranda ya nyumba yake, ikaja kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Kwa hiyo kazi ya Maloba tunaishika wote, tunanunua nayo matoke. Uso wake je? Nani hapa anaweza kuniambia Maloba alikuwa na masharubu au hana? Ufaransa kwenye noti yao ya faranga 100 waliweka uso wa Delacroix na baadaye uso wa Cézanne, wachoraji, watu wakawajua kwa kununua mkate. Mtasema Maloba mchongaji siyo mchoraji, sawa, niacheni na Maloba wangu.

Sisemi tukaombe serikali ituwekee nyuso kwenye noti, tutazeeka kwenye benchi la kusubiria. Nasema medali moja ya sentimita saba inakula kama gramu 170 za shaba. Hiyo ni koki moja nzito. Makaa ya mchana mmoja. Kwa hiyo tunachokosa siyo pesa, na mimi sikubali mtu aniambie ni pesa.

Tunachokosa ni kuamua nyuma kunawekwa nini, na hilo nimekuja nalo kwenu kwa sababu mimi ni mtu wa moto, ninyi ndo mnawajua hawa watu. Jak Katarikawe kwa mfano. Mtu wa Kigezi, alikuwa dereva, akawa mchoraji akahamia Nairobi na akafia huko 2018. Kila mtu ataniambia weka ng'ombe. Haya, ng'ombe gani? Tunaye mmoja tayari kwenye sarafu ya shilingi 100, amesimama kama amepigwa picha ya pasipoti. Ng'ombe wa Jak hawasimami hivyo, wanapendana, wanaegemeana shingo, wengine unaona kabisa wana siri. Kama mtu hawezi kunitengenezea ng'ombe mwenye siri asiniletee ng'ombe. Theresa Musoke naye, aliyechora ule ukuta uitwao Kuzaliwa pale Mary Stuart, bweni la wasichana la Makerere, hapo mimi nanyamaza, wamo humu kina dada waliolala Mary Stuart waseme wao nyuma iwe nini. Ntiro namchukua mimi mwenyewe, nimemkosea jina, nitamrudia na nyuma nitaweka migomba usiku na watu wanaonekana nusu, basi, bila bibi harusi, yeye anangoja mbele ya njia huko. Na Maloba msimwekee lile sanamu tafadhali, tunalo kwenye noti. Mimi ningeweka mikono miwili mitupu.

Kuna mzee mmoja aliniuliza nje pale kabla hatujaingia, sasa Oritini tukitengeneza zitakaa wapi, hatuna makabati ya vioo. Mzee, hazikai kwenye kabati. Zikae mezani zishikwe na watoto wenye mikono ya mafuta, zichakae pua, ukiiona medali pua imelainika ujue imependwa. Ile ya kwangu pua imeshaanza, angalieni, ingawa sehemu nyingine ni mate yangu.

Basi mvua imepungua nasikia. Nimeleta nta kilo mbili, iko kwenye beseni la bluu hapo mlangoni, sigiri mbili zimewashwa nje chini ya turubai, na vijiti nimechonga vya kutosha. Anzeni na pua, upande mmoja, bila jina. Majina tutayaandika mwisho na nitayasoma mimi mwenyewe kila moja kabla hatujafunika udongo. Na aliye na Rembrandt mkononi saa hii namwona, wewe kijana wa shati la njano, ipitishe mbele.